Busta Nyuma ya Nyumba

Kwanza Peris alidhani mumewe ameokota friji. Solomon alikuwa amerudisha gari la kazi kinyumenyume hadi mwisho wa kichochoro kinachopita nyuma ya nyumba zao, na sasa yeye na mpakizi mmoja wa duka analofanyia kazi walikuwa wakihangaika kushusha dude la chuma lililofungwa turubai. Peris alisimama kwenye mlango wa jikoni akiwa na koti zito na kofia ya sufu, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Siku hizo hakuna aliyevua koti katika nyumba ile ila kwenda kuoga, na kuoga kwenyewe kulikuwa kwa mbio.

"Baba Natasha, hiyo ni nini?"

"Ni joto," Solomon alisema huku akihema. "Nimekuletea joto, mama. Sogeza hayo mapipa ya taka tupite."

Turubai lilipofunuliwa Peris aliona tumbo la chuma lenye kutu, mlango mdogo mbele, kipande cha bomba la moshi juu na midomo miwili ya mabomba ya maji nyuma. Huko Kent, kwenye shamba ambako Solomon alikwenda kila wiki kuchukua sukuma wiki na kunde za duka la Peckham, wenye shamba walikuwa wakilitumia kupasha joto nyumba ya plastiki ya miche. Wamenunua jipya. Hili wamempa bure, mradi aliondoe machoni pao.

"Na sisi tunapanda miche?"

"Usinichekeshe, Peris. Hii si ni busta tu? Busta ya kuni. Umesahau busta?"

Peris hakuwa amesahau. Kericho, Limuru, kote kwenye baridi kwao, nyumba ya mtu mwenye uwezo huwa na busta nyuma: tangi la maji lenye tanuri, limesimama nje peke yake, kuni zinaingia mdomoni na maji ya moto yanatokea bafuni. Baba yake Solomon alilisha busta ya meneja wa chai mpaka akastaafu, na Solomon alikulia miguuni pake akijua kila tundu la mashine ile. Lakini ile ilikuwa Kericho. Hapa ni Thornton Heath, London, nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta na uwanja wa nyuma unatosha kamba ya nguo na baiskeli ya mtoto.

"Watu watasema nini?"

"Watu wamesema nini tangu Krismasi? Wamekuletea hita?"

Peris akasogeza mapipa ya taka. Boila ya gesi ilikufa kabla ya Krismasi, ikatoa mlio mmoja wa ajabu na kunyamaza, na tangu siku hiyo radieta, vyuma vya kupitishia maji moto, zilikuwa mapambo ya ukutani. Hita mbili za umeme walizonunua zilikula salio la mita kwa pupa hadi wakaanza kuziwasha kwa zamu, na bado kuta zilitoa jasho na nguo kabatini ziliota ukungu. Wao wangevumilia. Binti yao Natasha, wa miaka tisa, hakuweza. Natasha alizaliwa na selimundu, na ugonjwa ule na baridi ni marafiki wakubwa. Baridi ikimwingia, damu inagoma kupita, na maumivu yanamshika miguuni na mgongoni mpaka analia kwa sauti ambayo mama yake alikuwa akiisikia hata akiwa kazini, hata mtoto akiwa mzima. Alikuwa amelazwa mara mbili tangu boila ife. Mara ya pili daktari alimwambia Peris, kwa upole, kwamba mtoto huyu hatakiwi kupata baridi kabisa. Peris aliitikia kwa kichwa kama vile hilo ni jambo jipya.

*

Mwenye nyumba aliitwa Balwinder. Alizaliwa Kisumu, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha Natasha. Aliwapa nyumba bila wakala, bila mdhamini na bila mkataba, kwa kupeana mikono tu, kwa sababu, alisema, sisi ni watu wa nyumbani. Solomon alijivunia sana mkono ule. Sasa kila akipiga simu kuhusu boila, mkono ule ndio uliomfunga mdomo.

"Solo bwana, fundi anakuja wiki hii," Balwinder alisema kwenye simu. "Hiyo part imekwama. Unajua hawa Wazungu na part zao."

"Uncle, wiki iliyopita ulisema hivyohivyo. Mtoto anaumwa."

"Pole, pole sana. Mpe chai ya tangawizi."

Siku moja Peris alimnyang'anya mumewe simu akataja kaunsili, serikali ya mtaa. Balwinder alicheka kwa muda mrefu, kicheko cha mjomba. "Mama Natasha, mambo ya kaunsili ni ya watu wasiojuana. Kama tumefika huko, basi labda mimi niuze tu hii nyumba nipumzike." Alisema kwa wema kabisa, akawasalimia watoto wote ingawa mtoto ni mmoja. Mke na mume hawakulala vizuri siku hiyo wala iliyofuata. Tena kanisani kulikuwa na maneno: ukiwaambia wakubwa kwamba mtoto wako mgonjwa analala kwenye baridi, watu wa ustawi wa jamii wanakuja na faili, na mtoto anaondoka nao. Hakuna aliyemjua mtu aliyepatwa na jambo hilo, lakini kila mtu alimjua mtu anayemjua. Kwa hiyo hospitalini walipoulizwa hali ya nyumbani, Peris alijibu kwamba hawana shida.

Ndivyo busta ilivyopata nafasi yake.

Solomon aliifunga Jumamosi. Alipanga matofali, akaweka vibao vya saruji juu yake, akaisimamisha busta pembeni kabisa mwa uwanja, karibu na ua wa mbao wa jirani, ili kuwe na njia ya kupita. Alichimba mtaro kutoka hapo hadi ukuta wa jikoni, akalaza mabomba mawili, moja la kupeleka maji moto na moja la kurudisha yaliyopoa, akayavisha povu na mablanketi makuukuu na kuyafunga plastiki. Boila iliyokufa aliifungia valvu zake na kuunga mabomba ya busta kwenye mabomba ya radieta. Juu ya kibanda cha baiskeli aliweka tangi dogo lililo wazi.

"La nini hilo?" Peris aliuliza.

"La kuhemea. Maji yakichemka sana yapande huku yatoke mvuke. Busta ukiifunga pumzi inalipuka, inakuondolea nyumba na mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba si hasara kubwa."

Walicheka. Ulikuwa umepita muda mrefu hawajacheka pamoja, na Peris alimpenda mumewe pale kwenye tope, mikono imekwaruzwa, pua inatiririka, akibusu bisibisi kila skrubu ilipokubali.

Kichwa cha Auntie Usha kikachomoza juu ya ua. Auntie Usha alikaa peke yake nyumba ya pili, Mhindi wa Kakamega ambako baba yake alikuwa na duka la nguo, mjane, mwembamba, sweta juu ya sari. Alikuwa akimsalimia Peris kwa lugha ya kwao Peris kila asubuhi ya Mungu, na Natasha akimwita Ba kama wajukuu zake mwenyewe walivyomwita.

"Mulembe, mama Natasha! Kwani leo nyinyi nachoma mbuzi?"

"Mulembe, Auntie. Hapana, ni busta. Ya kupasha nyumba moto."

"Arey, busta!" Mama mzee alipiga makofi. "Ya kuni? Sisi ilikuwa nayo. Baba yangu alikuwa naoga kila jioni na maji ya busta, ananuka moshi mpaka dukani. Ngoja, mimi naleta chai."

Alileta chai yenye iliki kwenye chupa, akaipitisha juu ya ua. Solomon aliinywa amesimama, akaapa kwamba hajawahi kunywa chai nzuri kama ile.

*

Mara ya kwanza moto uliposhika, walikaa sebuleni wakiisikiliza nyumba. Pampu ya kuzungusha maji iliguna. Mabomba yakagongagonga. Solomon alizunguka na ufunguo mdogo akitoa hewa kwenye radieta, zikizomea na kutema maji meusi, kisha Natasha akaweka kiganja chake juu ya ile ya sebuleni na macho yakamtoka.

"Mum, it's hot! It's actually hot!"

"Usiiguse sana, mama," Peris alimwambia.

"It's so hot!" Akavua sweta moja, akavua na ya pili, akavua soksi, akacheza katikati ya sebule miguu mitupu, na Peris aliingia jikoni akalia mbele ya sinki. Hakujua kwamba alikuwa amechoka kiasi kile.

Lakini busta ni mtoto mchanga, haina likizo. Inataka kulishwa kabla hujatoka na ukirudi. Peris aliamka gizani kabla ya shifti yake ya kuwahudumia wazee majumbani, akatoka na tochi, akakomba majivu, akasukuma kuni ndani na kuchochea. Solomon aliilisha mchana akipita na gari, na jioni. Kuni zilikuwa paleti alizozitoa nyuma ya duka la Peckham na magogo ya mti ambao watu wa kukata miti walikuwa wameuangusha barabara ya pili. Zote zilikuwa zimelowa. Mtu yeyote wa kwao anajua kuni mbichi zinafanya nini, ila London mwezi wa Januari kuni kavu zinauzwa petroli stesheni kwenye mifuko midogo kama zawadi, na nyumba haikai moto kwa zawadi. Kwa hiyo busta ilitoa moshi. Ulikuwa moshi mzito wa manjano, wenye uvivu, uliotoka kwenye bomba fupi, ukakutana na ukungu, ukakosa pa kwenda. Kericho moshi wa busta una vilima vizima vya chai vya kutembelea. Hapa ulitambaa juu ya ua na kujilaza ukutani kwa jirani.

Peris aliuona. Hilo lisifichwe. Wiki ile ya kwanza alimkuta Auntie Usha akitoa taka, akamuuliza, "Auntie, huu moshi haukusumbui?"

"Moshi gani? Mimi nasikia harufu ya Kakamega tu. Wewe washa, mtoto apate joto."

Peris akashukuru, akaingia ndani upesi. Upesi ule ndio uliokuja kumuuma baadaye.

Wiki zikaenda. Natasha alirudi shule, akaimba, akanenepa mashavu. Solomon alianza kutembea kama mtu mwenye mali, akipigapiga busta mgongoni kila akipita. Auntie Usha hakuonekana sana uani, lakini nani anakaa uani kwenye baridi ile? Nguo zake hazikuanikwa. Asubuhi moja alisalimia kutoka dirishani badala ya mlangoni, kwa mkono tu. Peris alikuwa akichelewa basi.

*

Ambulansi ilikuja saa za mchana, siku ambayo Peris alikuwa nyumbani. Alitoka mbio na ndara. Auntie Usha alikuwa ameketishwa kwenye kiti cha magurudumu, barakoa ya oksijeni usoni, mabega yakipanda na kushuka kwa kazi kubwa, kama mtu anayenyonya hewa kwenye tundu la sindano. Midomo ilikuwa imegeuka rangi. Peris ameona midomo ya namna ile kazini.

Mama mzee alisogeza barakoa. "Mama Natasha. Nguo. Chumbani. Wewe naletea mimi nguo." Akampa ufunguo.

"Usiongee, Auntie. Nitaleta. Nitaleta sasa hivi."

Peris hakuwahi kupanda ghorofani kwa Auntie Usha. Alifungua mlango wa chumba akasimama. Kitanda kilikuwa kimevutwa kutoka dirishani hadi ukuta wa mbali, kikaziba nusu ya mlango. Kwenye kizingiti cha dirisha kulikuwa na taulo zilizosokotwa na kusukumizwa kwenye kila ufa, na kingo zote za kioo zilikuwa zimebandikwa utepe wa gundi wa kahawia, tabaka juu ya tabaka, kwa mikono isiyo na nguvu. Taulo zile zilikuwa nyeupe wakati fulani. Mezani zilikuwepo pampu za dawa ya kifua, mojawapo ile ya buluu ambayo Peris alikuwa ameiona jikoni kwa mama mzee mwaka mzima na kuijua ni ya nini, kwa maana kazi yake ni hiyo. Alisogea akachungulia. Chini ya dirisha, karibu kiasi cha kuweza kuligusa kwa mpini wa ufagio, lilikuwa bomba la busta, likitoa moshi taratibu.

Akakaa kitandani kwa watu. Kwao Peris, mgeni akikaribishwa chakula akasema ameshiba, hakuna anayemsadiki. Unamkaribisha tena, anakataa tena, unamwekea sahani mbele, na hapo ndipo anakula, tena anakula sana. Mtoto mdogo anajua hivyo. Auntie Usha naye amekulia kulekule, anajua kwamba neno la kwanza ni la adabu tu. Peris angemkaribisha chai asingekubali kukataliwa mara moja. Habari ya moshi aliuliza mara moja, akapokea jibu la adabu kama jibu la kweli, akakimbilia ndani kwenye joto. Hakuuliza tena kwa sababu alikuwa akilitaka jibu lile. Aliona aibu, na hakuna wa kumlaumu ila yeye.

Alifungasha magauni ya kulalia, kandambili, miwani na picha ndogo ya mungu wake, akavipeleka kwa watu wa ambulansi. Kisha akaenda nyuma ya nyumba yake, akafungua mlango wa busta.

*

Solomon alimkuta amemaliza. Magogo yalikuwa yametawanyika kwenye majani yenye baridi, yakifuka, na Peris alikuwa ameshika sepetu, uso una masizi na machozi.

"Umezima?"

"Nimezima."

"Una wazimu? Leo maji yanaganda."

"Toa maji kwenye mabomba basi, yasipasuke."

"Peris, Natasha yuko wapi?"

"Yuko kwenye blanketi, na chupa za maji ya moto." Akamweleza habari ya chumba kile, taulo, gundi, kitanda. Alieleza kwa mkupuo, bila kumtazama. Solomon alisikiliza, akaondoa kofia, akaivaa tena.

"Lakini alisema hakuna shida. Ulimuuliza. Si ulimuuliza?"

"Wewe ungesema nini? Mtoto wa watu anaumwa, wewe umwambie mama yake azime moto?"

"Mimi sijui mambo ya kusema na kutosema!" Solomon alipiga kelele, na Solomon hakuwa mtu wa kelele. "Mimi najua mtoto wangu! Kama ni kuchagua, nimechagua. Nani atanilaumu?"

"Hakuna. Hata yeye hakukulaumu. Ndiyo maana hawezi kupumua."

Solomon akageuka, akatoa simu, akampigia Balwinder palepale kwenye majivu, akaweka sauti juu ili mkewe asikie jinsi anavyopambana. Alisema kwamba sasa basi, fundi aje kesho. Alisema "tafadhali" mara nyingi mno.

"Lakini Solo," sauti ya Balwinder ilisema, yenye mshangao wa kweli, "si mna busta? Nimesikia mmejipanga vizuri sana, nyumba ni moto kuliko yangu. Mimi hata nilimwambia fundi aende kwa wengine kwanza. Sasa haraka ya nini?"

Solomon alikata simu polepole. Jasho lote lile, mtaro ule, gari lile, mikono ile iliyochubuka, kumbe alikuwa akimjengea mwenye nyumba udhuru. Alikaa kwenye kibao cha saruji. Peris alitaka kumshika bega, lakini mikono yake ilikuwa michafu na moyo wake umechoka, akaingia ndani kumfunika mtoto.

Hita za umeme zilirudi kazini kwa zamu. Nyumba ilipoa kuta kwanza, kisha sakafu, kisha watu. Walimlaza Natasha katikati yao na kumpumulia shingoni. Haikusaidia. Kabla hakujapambazuka vizuri, mtoto alifungua macho, akasema, "Mum, my legs," kwa sauti ndogo ya mtu anayejua kinachokuja, na Peris akaanza kutafuta viatu.

*

Wodini kulikuwa na joto. Peris alichukia kuona jinsi mwili wake ulivyofurahi. Mtoto analia, anapewa dawa ya maumivu kwenye mshipa, na mama yake anavua koti, anavua sweta, anahisi vidole vya miguu vikirudi uhai, na kusinzia kitini kama aliyelipiwa hoteli. Siku zilizofuata alikuwa akienda kazini na kurudi palepale, na kila daktari aliposema mtoto anaendelea vizuri, aliwaza kuta zile za baridi zinazomngoja. Alijikuta akiomba, kimyakimya, kwamba Natasha asipone haraka sana. Alipogundua anaomba nini alikwenda chooni akanawa uso.

Auntie Usha alikuwa katika hospitali hiyohiyo, ghorofa ya juu. Peris hakupata ujasiri wa kupanda. Basi Ijumaa asubuhi, akielekea kununua chai, mlango wa lifti ulifunguka na humo ndani alikuwamo mama mzee kwenye kiti, na nyuma yake mwanamke wa makamo aliyevaa vizuri. Huyo ni Amisha, binti yake, anayekaa Kingsbury, na uso wake haukuwa na salamu.

"Wamemruhusu leo, nimemwambia aje kwangu," Amisha alisema kwa Kiingereza. "Hataki. Anataka kitanda chake. Wewe unajua mapafu yake yalivyo? Wiki nzima nimeuliza kimetokea nini, ananiambia ni hali ya hewa."

Peris alifungua mdomo. Auntie Usha aliinua kidole, akamvuta karibu kwa mkono wa koti, akanong'ona kwa Kiswahili ambacho bintiye hakukijua.

"Mulembe. Mtoto naendeleaje?"

"Anatoka leo, Auntie. Auntie, mimi nime..."

"Vizuri. Wewe naambia baba yake, awashe moto. Mtoto asirudi kwa baridi. Mimi nafunga dirisha."

Amisha alikisukuma kiti, wakaenda. Peris alibaki pale, watu wakimpita pande zote, mpaka mtu akamwomba apishe.

Aliporudi wodini Solomon alikuwa amefika. Alikuwa na furaha usoni, ya kwanza kwa siku nyingi, na Peris hakuhitaji kuambiwa kwa sababu alinusa moshi kwenye koti lake kabla hajamkaribia.

"Nimewasha tangu alfajiri," alimnong'oneza. "Nyumba ni moto kama Kisumu. Nimeweka na mashuka juu ya radieta. Nyumba ya pili hakuna mtu, nimegonga."

"Anarudi leo."

"Nani?"

"Auntie Usha. Yuko njiani sasa hivi."

Solomon alimtazama. Kisha akageuka, akaanza kumvalisha Natasha koti, kwa haraka, akifunga vifungo kimoja baada ya kingine hadi kidevuni, kama vile mtoto akishafungwa vizuri maneno yale yatakuwa hayajasemwa.

Muuguzi alikuja na mfuko wa dawa. Aliitwa Emma, msichana mwenye nywele nyekundu ambaye Natasha alimpenda. Akaeleza vidonge, hiki asubuhi, hiki akiumwa. Kisha akauliza, kama wote walivyouliza siku zote, huku macho yake yakiwa kwenye karatasi, "Na nyumbani? Kuna joto? Maana huyu hatakiwi kupata baridi hata kidogo."

"Ndiyo," Solomon alisema kwa Kiingereza chake cha kanisani. "Nyumba ina joto sana. Hakuna shida kabisa."

Tena hakusema uongo. Radieta zilikuwa za moto wakati uleule, mashuka yakinuka kuni. Peris angeweza kunyamaza tu. Wangepanda basi, wangeshuka, Natasha angevua soksi akacheza. Na ng'ambo ya ukuta mama wa watu angekuwa anasukuma taulo kwenye nyufa kwa vidole vyake, akihesabu pumzi, na asubuhi angesalimia.

"Tuna shida," Peris alisema.

Solomon alimshika mkono. "Mama Natasha. Tafadhali. Watamchukua."

"Dada," Peris alimwambia Emma. "Usimtoe mtoto wangu leo. Nyumbani boila ilikufa kabla ya Krismasi. Mwenye nyumba hatengenezi. Tumewasha kuni nje, na moshi unamuua jirani yetu, na jirani yetu ni mtu mwema. Nikiuzima moto mtoto anakuja hapa, nikiuwasha yeye ndiye anakuja hapa. Mimi nimeshindwa. Niliwaambia hatuna shida, nilidanganya. Andika hivyo. Andika jina langu."

Emma aliweka mfuko wa dawa kitandani. Alivuta pazia likawazunguka wote, akasema anakwenda kumwita mtu wa kuzungumza nao, wasiondoke, akatoka haraka. Peris hakujua ni mtu gani anayeitwa. Alisikia viatu vya Emma vikienda mbali, akaona anataka kumkimbilia amwambie amekosea, nyumba ni moto, mume wake amesema kweli.

"Mum?" Natasha aliangalia huku na huku ndani ya koti lake lililofungwa hadi kidevuni. "Are we not going home?"

Solomon alikuwa amesimama ameipa familia mgongo, kichwa kimeegemea pazia lile jembamba, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Kisha akajipangusa uso kwa kiganja, akaacha masizi shavuni, akapiga magoti mbele ya mtoto, na kwa vidole vyake vyeusi akaanza kufungua vifungo vya koti.